Chumba cha Kumzoeza Paka

Paka aliletwa nyumbani jioni ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa matundu, na mwanamke aliyembeba alikuwa ameshaumwa kidole kabla hajafika mlangoni kwake. Alilitua boksi juu ya meza ya cherehani, katikati ya mapazia ya hoteli aliyokuwa akiyapinda, akanyonya kidole, akasema, "Haya, karibu kwetu na wewe."

Panya ndio waliomleta. Walikuwa wameingia kwenye mapazia ya watu kama wameandikiwa urithi, na wiki iliyopita mwenye hoteli alipitisha kidole kwenye tundu, akamchungulia mshonaji kupitia hapo hapo na kumuuliza, "Hili nalo ni dirisha, umenipa bure?" Mume wa mshonaji, ambaye alikuwa fundi makufuli, alisema watege sumu. Mshonaji akauliza, na Karani akila? Ndipo likaja shauri la paka.

Karani alikuwa mbwa wa nyumba. Alipewa jina hilo na mama mkwe, kwa sababu tangu utoto wake alikaa mlangoni akimtazama kila aingiaye kana kwamba atamwambia arudi kesho.

Mwanamke wa kituo cha wanyama waliookotwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Paka, hakutoa mnyama kabla ya kutoa somo. "Usiwakutanishe siku ya kwanza," alisema. "Paka chumbani, mlango ufungwe. Kila mmoja ale upande wake wa mlango, wanusane huku wanashiba. Mfute paka kwa kitambaa, kitambaa mpe mbwa. Mfute mbwa, kitambaa mpe paka. Wakishazoeana kwa pua, fungua mlango upenyo wa kidole, wazoeane kwa macho. Mwisho ndiyo unaufungua wote. Na aliye ndani atoke mwenyewe, asivutwe. Huyu amekutwa kwenye duka ambalo mwenyewe alilifunga akahama mji, alikuwa akilamba ukuta wenye unyevu. Kwa hiyo ana mambo yake. Mna chumba kinachofungika?"

"Tunacho."

"Kinafungika kweli?"

"Mume wangu ni fundi makufuli."

Mama Paka akacheka. "Basi umemaliza kazi."

Chumba kilikuwa cha mama mkwe. Ndani kulikuwa na kitanda, kiti cha plastiki, dirisha lenye nondo, na mlango wa kijani ambao kitasa chake kilikuwa na tundu la ufunguo upande wa nje tu. Fundi alikitengeneza kitasa hicho mwaka ambao mama yake alianza kutoka alfajiri na kwenda asikokujua. Mara akutwe sokoni na kiatu kimoja, mara kwenye ngazi za benki akimngoja mumewe, ambaye alikuwa amezikwa zamani. Karani alimfuata kila alikokwenda na kumrudisha nyumbani kwa kumvuta pindo la nguo. Watu wakaanza kusema mtaani kwamba mama wa fundi analelewa na mbwa. Maneno hayo yalimchoma fundi kuliko kiatu kilichopotea. Akachukua matumbo ya vitasa vitatu, akayaunganisha kuwa kimoja, akachonga ufunguo mmoja, na akasema kwa majivuno kwamba hakuna fundi mwingine chini ya jua angekifungua. Ilikuwa kwa usalama wa mama. Wote walisema hivyo, na haukuwa uongo mtupu.

Mshonaji hakupenda kuingia chumba kile tangu mama mkwe afariki. Jioni ile alikifungua, akasukuma boksi ndani kwa mguu, akaweka sahani ya dagaa, akafunga. Bakuli la Karani akaliweka upande wa huku. Alitegemea kusikia mbwa akinguruma. Karani hakunguruma. Alilala kifudifudi, pua kwenye mwanya wa chini ya mlango, na mkia wake ukaanza kupiga sakafu taratibu, pa, pa, pa. Mshonaji alisimama na mwiko mkononi. Alijua mbwa hampigii paka mkia. Mbwa humpigia mkia mtu.

Siku iliyofuata alimfuta paka kwa kitambaa. Paka alitulia kama mtoto anayenyolewa. Kitambaa kilipotoka kilinuka dawa ya kuchua magoti, ile ya kopo jekundu, ambayo kopo lake mshonaji alilitupa mwenyewe baada ya mazishi. Alimpa Karani kitambaa kama alivyofundishwa. Karani alikilaza chini ya shavu lake, akafumba macho, akalala hadi mchana.

Siku ya pili yake, sahani ya paka ilikutwa imeoshwa na kufunikwa kifudifudi sakafuni, vumbi lisiingie. Mama mkwe alikuwa akifanya hivyo. Na godoro, ambalo lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba, lilikuwa limetandikwa, na katikati yake palikuwa pamebonyea.

Fundi aliporudi kazini alimkuta mkewe uani. Akainama kwenye beseni kunawa mikono iliyojaa grisi.

"Mama amerudi," mshonaji alisema.

"Yuko wapi?"

"Chumbani kwake."

Fundi aliendelea kusugua kucha. "Asubuhi nilisikia mtu anakohoa. Nikasema ni paka."

"Paka akikohoa husema samahani?"

"Hapana. Hilo ni kweli." Alisuuza mikono, akaikung'uta. "Amesema kitu kingine?"

"Bado."

"Basi usimuulize."

Walikula chakula cha jioni. Ndani ya chumba kulisikika mtu akivuta kiti cha plastiki na kukisogeza dirishani, na fundi akaongeza sauti ya redio.

Hofu ya mshonaji haikuwa ya marehemu. Marehemu ni watu kama watu wengine, wana ratiba zao. Hofu yake ilikuwa ya wifi yake. Dada wa fundi alikuwa amepiga simu kwamba anakuja mwisho wa wiki kutazamwa macho hospitalini, na kila alipokuja alilala chumba cha mama. Wifi huyo, kama ndugu wote, kama majirani wote, aliambiwa kwamba mama alifariki usingizini, mwanawe na mkwewe wakiwa kando ya kitanda. Na chumbani sasa kulikuwa na mtu aliyejua kwamba haikuwa hivyo.

Ilikuwa harusi. Binti wa rafiki wa fundi aliolewa ng'ambo ya mto, na wao walialikwa. Fundi alisema waache ufunguo kwa jirani, ili mama apewe chakula na maji. Mshonaji ndiye aliyekataa. Jirani angejua kwamba wanamfungia mama kama kuku, na jirani akijua, mtaa umejua. "Ni usiku mmoja tu," alisema. "Tumwachie mkate na jagi la maji. Alfajiri tumerudi." Akatia ufunguo kwenye mkoba wake wa harusi. Usiku ule mvua ikanyesha huko milimani, mto ukachukua daraja, na wao wakakaa ng'ambo siku kadhaa wakila ubwabwa wa watu na kutazama maji hadi mafundi walipoweka mbao. Waliporudi walimkuta mama sakafuni, mdomo wake kwenye mwanya wa chini ya mlango. Walimwinua wakamlaza kitandani. Walimchana nywele. Walimvutia shuka hadi kidevuni. Ndipo mshonaji akapiga yowe, majirani wakaja.

Karani alikuwa ameketi pale akiyaona yote. Tangu siku hiyo mshonaji alimpa chakula bila kumtazama machoni.

Zamu ya upenyo wa kidole ikafika. Mshonaji alifungua kitasa, akaacha mlango umeshikwa na mnyororo. Paka akaleta jicho moja kwenye upenyo. Karani akaleta pua. Wakatazamana kama wapangaji wa choo kimoja, basi. Hapakuwa na ugomvi. Kisha juu yao, kwenye upenyo huo huo, sauti ikasema, "Mwanangu, ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Paka huyu mzuri. Ana njaa ya zamani, lakini mzuri."

"Ndiyo, mama."

"Naomba maji."

Mshonaji akaleta kikombe. Mkono uliopokea ulikuwa ule ule, wenye kovu la pasi karibu na kidole gumba. Maji yalisikika yakishuka kwa muda mrefu, kama yanamiminwa kisimani. Kikombe kikarudi. Akakijaza tena, kikarudi tena, hadi ndoo ikaisha akaenda kuchota nyingine, akamwaga nusu njiani.

"Karani alijitahidi sana," sauti ilisema baada ya ndoo ya pili. "Alikuwa anakwenda uani, anateka maji ya beseni kwa kinywa, anakuja kuyatema hapa chini. Mimi nalamba sakafuni. Anakwenda tena, anarudi. Mpaka beseni likakauka. Usimlaumu, mwanangu. Si kosa lake."

"Sikumlaumu, mama."

"Maana naona humtazami."

Mshonaji akafunga mlango. Alikumbuka sasa kwamba siku ile beseni la uani lilikutwa kavu hali lilijazwa siku ya safari, na kwamba ubao wa chini ya mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu. Fundi aliupiga randa ukakaa sawa. Hakuuliza umevimbishwa na nini, na yeye hakumwambia aulize.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Paka, ambaye alikuwa akimpa dawa ya minyoo mnyama mwenye sikio moja.

"Nataka kumrudisha paka."

"Amemparura mbwa?"

"Hapana. Chumbani kuna mtu."

"Marehemu?"

"Mama mkwe."

"Aa." Mama Paka alilibana taya la mnyama hadi kidonge kikashuka. "Aliyefungiwa humsikia aliyefungiwa mwenzake. Lakini usimsingizie paka wa watu. Hakuja naye. Mama alikuwepo, ila hakuwa na wa kuongea naye. Ukinirudishia paka, mama utabaki naye, na panya pia watarudi."

"Sasa nifanye nini?"

"Nilishakufundisha. Mlango unaufungua wote, na aliye ndani anatoka mwenyewe."

"Na akishatoka?"

"Anazoeana na nyinyi. Au nyinyi mnazoeana naye. Kwani mna nini cha kuficha?" Aliuliza kwa mzaha, na alipoona uso wa mshonaji akaacha kucheka, akachukua mnyama mwingine.

Njia nzima mshonaji alimwona mama mkwe akitoka nje. Hakumwona akiwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Alimwona akitembea mtaani kwa kiatu kimoja, akiingia nyumba moja baada ya nyingine, akiketi, akipewa maji, na akieleza kwa adabu zake zote jinsi beseni lilivyokauka.

Wifi alifika na begi, miwani ya giza, na mdomo ambao kaka yake hakuwahi kuutengenezea kitasa.

"Wifi yangu, umekonda! Huyu kaka yangu anakulisha funguo?"

"Karibu, wifi. Macho yanasemaje?"

"Macho yanasema yamechoka kuona mambo ya watu. Paka yuko wapi? Nimesikia mna paka. Nyumba hii haikuwa na paka hata wa picha. Na wewe Karani, umezeeka, baba! Bado huwapi watu ruhusa ya kupita?"

Alilinyanyua begi kuelekea mlango wa kijani.

"Nani huyo?" sauti ya ndani ikauliza. "Kama namjua."

Wifi alitua begi. Akavua miwani, akamtazama kaka yake.

"Mama yupo," alisema.

"Yupo," fundi alijibu.

"Tangu lini?"

"Tangu tulete paka. Au kabla. Hatukuwa tunasikia."

Wifi akakaa chini, mgongo kwenye mlango. Akaongea na mama yake habari za watoto, za mvua, za yule binamu aliyefilisika kwa sababu ya kuku. Mama alicheka mahali pa kucheka. Kisha akasema, "Waambie wanifungulie, binti yangu. Nimeshawaomba maji, naona haya kuomba na hili."

Wifi akamgeukia kaka yake. Fundi alikuwa akitazama kiatu chake. Mshonaji alihisi kwamba yakikaa hivyo dakika moja zaidi, moyo utamtoka mdomoni, akaona afadhali yatoke maneno.

"Wifi," alisema. "Mama hakufia usingizini."

"Najua."

Cherehani, mapazia, redio, kila kitu kilibaki mahali pake.

"Unajua nini?"

"Mimi ndiye niliyemwosha mikono kabla hajazikwa," wifi alisema. Hakupandisha sauti. "Kucha zake zilikuwa na rangi ya kijani ndani. Nilizisafisha na kijiti, moja moja, wengine wasije wakaona."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Ningesema, halafu ningeulizwa, na wewe binti yake, kwa nini hakuwa kwako? Kaka alinipigia simu mara ngapi? 'Mchukue mama hata miezi miwili.' Nikasema kwangu kuna ngazi. Mama ataanguka." Alivaa miwani yake tena. "Kweli ngazi zipo. Mnazijua."

"Zipo," fundi alisema.

Hapo mshonaji aliona kwamba alichokiogopa wiki nzima kimeshatokea, na hakuna kilichovunjika. Hilo likamwogopesha zaidi. Alitoa ufunguo kifuani. Hakuna aliyemwambia atoe, na hakuna aliyemwambia asitoe. Alizungusha, akaondoa mnyororo, akausukuma mlango hadi ukagonga ukuta.

Paka alitoka wa kwanza, mkia wima. Karani alimnusa kuanzia pua hadi mkiani. Paka akampiga kibao kimoja cha puani, bila kucha, kama mtu anayegonga muhuri, halafu akapanda juu ya mapazia ya hoteli, akajikunja. Kazi ya kuzoeana ikawa imekwisha. Mama Paka angefurahi.

Mama mkwe alisimama kizingitini. Alikuwa mdogo kuliko walivyomkumbuka, na alivaa gauni alilozikwa nalo, limepigwa pasi. Alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi. Alitazama sebule, akatazama mlango wa mbele uliokuwa wazi, na jua la nje ya mlango huo.

"Naweza kutoka?" aliuliza.

Karani alisimama tayari, kama zamani.

"Mama, nje kuna magari," fundi alisema.

"Na jua ni kali, mama," wifi alisema. "Jua la leo hata mimi limenishinda."

Mama mkwe aligeuza macho kwa mshonaji, kwa sababu ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Mshonaji alifungua kinywa. Alikuwa na neno moja tayari, neno fupi, alilokuwa ameliandaa njiani kutoka kwa Mama Paka, na lilikuwa *toka*. Nje, jirani alikuwa akifagia mbele ya mlango wake, na ufagio ukanyamaza, kama unyamazavyo jirani akisikia sauti asiyoizoea.

"Kesho, mama," mshonaji alisema.

"Sawa," mama mkwe alisema. "Kesho." Alilitamka neno hilo kama mtu anayelijua vizuri, anayejua hata kwamba halifiki. Akarudi akaketi kitandani, akaweka kiatu mapajani.

Karani alimtazama mshonaji. Mara hii mshonaji alichelewa kukwepesha macho. Mbwa hakuwa na hasira wala lawama. Alimtazama tu kama amtazamavyo kila mtu mlangoni, kisha akampita, akaingia chumbani, akalala miguuni pa mama mkwe. Fundi alimwita kwa mluzi. Wifi akamwita kwa mfupa. Hakutoka. Basi wakaongeza bakuli la pili, na mshonaji akafunga.

Wifi alilala kwenye kochi sebuleni, akasema ni kochi zuri, halimuumizi mgongo. Hospitalini walimwambia macho yake hayana ugonjwa. Alipoondoka alimuaga mama yake kupitia mlango, akalia kidogo, akawahi usafiri. Mwenye hoteli akachukua mapazia yake, akayanyoosha juani kutafuta madirisha, hakuona hata moja. Paka akanenepa. Watu waliokuja kupima nguo walisikia kikohozi chumbani, na wengine walisalimia, "Shikamoo, mama," na wakaitikiwa, kisha wakauliza bei ya kupinda suruali.

Kila jioni mshonaji alipeleka ndoo ya maji na sahani mbili. Fundi alishauri wakate kidirisha kidogo chini ya mlango, wasiwe wanafungua kila mara, na akakikata vizuri sana, akakiwekea bawaba. Mshonaji alishukuru kwa hilo. Sasa alipiga magoti, akasukuma chakula ndani, na hakulazimika kumtazama yeyote machoni.

Jioni moja alisukuma sahani ndani, akashusha kidirisha, akainuka.

"Mwanangu," sauti ikaita.

"Abee, mama."

"Umefunga vizuri?"

"Nimefunga, mama."

"Hebu vuta uhakikishe. Nisije nikatoka nikawaaibisha mbele za watu."

Mshonaji akakishika kitasa kwa mikono yote miwili, akavuta kwa nguvu zake zote. Mlango haukutikisika.

"Umefunga, mama," alisema.

"Asante," sauti ilisema. "Sasa lala bila hofu."